Mama Asukulu Alivyolala Hemani Ubwari

Tangu nirudi, kila mmoja wenu pale kwenye vyerehani ananiuliza kwa zamu yake. Huyu anataka kujua njia ilikuwaje, yule anauliza tulikula nini, na nyote mkishamaliza kuzungukazunguka mnafika palepale: Mama alisemaje? Nimechoka kusimulia nusunusu huku nashona. Naandika yote mara moja, na anayetaka mwisho kabla ya mwanzo ajizuie.

Kwa mgeni atakayesomewa haya na asijue mambo ya kwetu, nieleze kidogo. Mama yangu ana watoto wawili: kaka yangu Asukulu, aliye Kanada mwaka wa tisa sasa, na mimi Riziki, niliye Uvira. Mume sina, mtoto sina, nyumba ni mimi na Mama. Watu wote wanamwita Mama Asukulu, kwa jina la mtoto wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Mimi ndiye ninayempikia na kumkanda miguu, lakini jina langu halimo. Sisemi kwa wivu. Basi, nasema kwa wivu kidogo.

Kaka alikuwa ameshatengeneza kila kitu ili Mama akaishi kwake, likabaki neno moja tu la Mama mwenyewe, ndiyo au hapana. Miezi minne, kila Jumapili tukitoka ibadani, simu inalia, kaka anauliza, Mama anamuuliza habari za baridi ya huko, mazungumzo yanaishia hapo. Mimi sikutaka aende. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kusikia anavyokohoa chumba cha pili, nafurahi kwamba anakohoa hapa na si Kanada.

Ndipo nikapata wazo la Ubwari. Ubwari ni ile rasi iliyoingia ziwani mkabala na Baraka, na ndiko Mama alikozaliwa. Kule kuna kipande cha ufuo na msitu ambacho serikali imekitenga: hapakatwi mti, hapavutwi wavu, na watu wa kule wanakiita Pori ya Leta, yaani msitu wa serikali. Binamu yangu Wilondja ni mlinzi pale. Kila akinipigia simu ananilaumu. Wanafunzi wa Bukavu wanakuja kupiga mahema, kwaya za Baraka zinakuja kuogelea na kupanda kilima kutazama nyani, kiangazi na masika, ni sisi tu wa ukoo ambao hatujatia mguu. Nikajiambia, Mama akiliona tena ziwa la utoto wake, akalala kando ya maji kama zamani, moyo wake utakataa wenyewe habari ya Kanada. Ninyi niliwaambia tunaenda kupunga upepo. Mnisamehe, ilikuwa hila.

Kutoka Uvira

Hila yangu nusura ife kabla ya kupakia. Mama alisema hatoki nyumbani bila godoro lake.

"Mama, Wilondja ana hema, ana mikeka."

"Mi nililala chini miaka kumi na moya kule Tanzania," alisema. "Inatosha. Na ile hema, tutaona."

Miaka hiyo kumi na moja ni ile ya kambi ya wakimbizi, nilikokulia mimi. Mama aliapa siku tuliyotoka kwamba halali tena chini ya turubai, na Mama akiapa huwa amemaliza. Basi godoro likaja. Likafuatwa na sufuria kubwa, beseni, dumu la maji, na furushi la vitenge, maana huwezi kujua. Tulipanda lori lililobeba chumvi na sabuni, Mama na mimi mbele pamoja na dereva, mwanamume mpole ambaye tulimwita Baba Neema kwa vile ndivyo alivyoandika kwenye kioo. Aliutazama mzigo wetu ukipandishwa juu ya mifuko ya chumvi.

"Munahama, Mama?"

"Hapana. Tunaenda kutembea."

"Na godoro?"

"Na godoro," Mama akasema, akafunga mlango.

Njia ile wengi wenu mnaijua. Milima mkono wa kuume, ziwa mkono wa kushoto, na katikati mashimo. Tulipopita Makobola, Mama alianza kuongea, kitu ambacho hakukifanya kwa wiki nyingi. Alionyesha mahali baba yangu alipowahi kuanguka na baiskeli akiwa na jogoo wa mahari mikononi, na jogoo akakimbilia nyumba za watu wasiojulikana. Alionyesha jiwe ambalo zamani wasafiri walipumzika. Baba Neema alikuwa anacheka mpaka anasahau mashimo. Mimi nilikuwa nahesabu ushindi wangu kimyakimya: kila kumbukumbu moja, hatua moja mbali na Kanada.

Mboko, mto ulipotushika

Karibu na Mboko tulikuta foleni ya magari na pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, mto umejaa, na daraja lilikuwa limebaki magogo mawili tu. Vijana wa pale walisema maji yatapungua jioni. Wengine walisema kesho. Baba Neema alishusha mizigo yetu ya juu ili apange upya chumvi isilowane, na Mama akaliona godoro lake chini, akaketi juu yake pembeni ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa duka.

Tulikaa pale kwa muda wa saa sita. Nilikuwa na hasira za kutosha kushona nazo sare za shule nzima. Mama wala. Alinyoosha miguu kama mtu aliyefika.

Mbele ya duka palikuwa na mama mmoja anayeuza chakula: ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na mikeke ya kuchoma. Mikeke ya Mboko, jamani. Samaki ametoka majini asubuhi ileile, ngozi imekauka na kupasuka, ndani ni mweupe na ana mafuta. Niliagiza sahani mbili. Yule mama alinipa yangu ikiwa na pilipili pembeni. Ya Mama haikuwa na pilipili wala chumvi, na samaki alikuwa ametolewa miiba yote.

"Pilipili yangu iko wapi?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Mugonjwa hakulake pilipili," yule muuzaji akasema kwa huruma. Kisha akanigeukia mimi na kupunguza sauti: "Banamupeleka hopitali gani? Iko na nini, ni tumbo?"

Alikuwa ameona godoro na mwanamke mzee juu yake, akajua mwenyewe. Nilipomwambia Mama ni mzima, alinitazama kwa masikitiko, akasema ni vizuri kumtia mgonjwa moyo. Mama alinyoosha mkono, akachukua pilipili yote ya sahani yangu, akaila mbele yake. Yule mama akasema, "Anapata nguvu," na hakukubali hata kidogo kulipwa sahani ya Mama.

Baada ya chakula Mama alinisimulia habari za kiangazi cha utotoni mwake. Mngemsikia. Alisema mwezi ukifa na giza likiingia ziwani, wakati wa kuvua ndagala, yaani dagaa, kwa taa, familia nzima zilikuwa zinahamia ufukweni na kukaa kule mpaka mwezi urudi. Walijenga vibanda vya matete ambavyo mtu mzima anaingia kwa magoti. Wanaume wanavua, wanawake wanaanika, watoto wanafukuza kunguru. Hapakuwa na mlango wa kufunga wala jambo la kuficha. Mama yake alikuwa anapika chungu kimoja, na mtoto yeyote aliyepita alikula.

"Tulikuwa tunalia tukirudi kijijini," alisema. "Nyumba ilikuwa inatuonekana ndogo."

Nilimsikiliza nikasahau hasira. Huyu ndiye Mama niliyekuwa nikimtafuta miezi yote ile Jumapili akiweka simu chini na kukaa kimya. Nilimpenda sana pale juu ya godoro, midomo inawaka pilipili.

Jioni maji yalipungua kweli. Abiria walivushwa mgongoni na vijana, lakini Mama alikataa kubebwa na mtoto wa watu. Alikunja kitenge juu ya magoti, akanishika mkono, tukavuka wenyewe, lori likifuata nyuma likinguruma. Maji yalikuwa baridi na yanavuta. Katikati alisimama akatazama chini, kule mto unakoingilia ziwani, mpaka nikamvuta.

Baraka

Tuliingia Baraka giza likishaanza, tukalala kwa mke wa Wilondja. Asubuhi nilimwomba Mama twende tuone palipokuwa nyumbani kwetu kabla hatujakimbia.

Sasa ni duka la simu, na mbele yake madumu ya mawese yamepangwa mpaka barabarani. Ule mchikichi ambao Asukulu alikuwa ananipandisha mabegani ili niguse matawi haupo. Nilikuwa na miaka sita tulipotoka, na vitu ninavyovikumbuka vinaweza kuingia kwenye kiganja: harufu ya ndagala zikianikwa, mlango wa bati uliokuwa unaimba upepo ukivuma, na kaka yangu akinishika tumbo majini huku anasema piga miguu, piga miguu, nimekushika. Alikuwa amekwisha kuniachia. Hivyo ndivyo nilivyojua kuogelea.

Mama alitazama lile duka muda mfupi tu.

"Mulango ulikuwa upande ule," alisema. Kisha akanunua vocha kwa yule kijana, akamshukuru, tukaondoka.

Kuvuka ghuba

Boti ilikuwa iondoke saa nne asubuhi. Ilikuwa Ijumaa, na mwenye boti, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye kofia iliyoshonwa vizuri sana (nilitazama mshono, kushona ni kazi yangu), alisema kwanza ataswali. Hakuna kilichomtikisa. Abiria mmoja alisema ana mgonjwa, mwingine ana harusi. Mzee akawaambia wote kwa upole kwamba ziwa halihami, "Ziwa haliendi fasi ingine," akaenda msikitini.

Tulimsubiri tukinywa chai ya tangawizi na maandazi yaliyokaangwa kwa mawese mpaka yakawa mekundu. Nilimwambia Mama, sisi Waprotestanti hatuna bahati na ratiba ya watu. Akanijibu kwamba baba yake hakupandisha tanga Jumapili hata samaki wakimwita, kwa hiyo ninyamaze.

Tuliondoka alasiri. Upepo ulikuwa umeinuka kidogo, boti inapiga maji, na godoro letu lilikuwa mbele kabisa limefunikwa kwa plastiki. Mama alikaa katikati ameshika ubao kwa mikono yote miwili. Nilikuwa sijafikiri jambo moja, na nilipolifikiri pale majini nilijiona mjinga. Mara ya mwisho Mama kukaa ndani ya boti tulikuwa tunakimbia. Kutoka Tanzania tulirudi kwa gari, kwa njia ya Burundi, na tangu hapo hakuwahi kupanda chochote kinachoelea. Nikamuuliza kama anaogopa. Aliachia mkono mmoja, akautumbukiza majini, akauacha hapo mpaka ng'ambo.

Pori ya Leta

Wilondja alitupokea kwa sare yake ya kijani na kelele nyingi. "Shangazi! Hatimaye!" Alimkumbatia Mama mpaka kofia ikaanguka. Ufuo ule, sijui niwaambieje. Mchanga ni mweupe, msitu unashuka mpaka karibu na maji, na maji yenyewe ukiingia mpaka kifuani bado unaona vidole vya miguu yako. Ng'ambo ya ghuba unaona Baraka imejipanga chini ya milima. Wilondja alituonyesha njia ya kwenda kilimani, mahali pa kuwasha moto, hata ubao wa majina ya ndege ambao mchwa walikuwa wameshaanza kuusoma.

Kisha akasimamisha hema. Lilikuwa jeupe, limeachwa na wageni fulani. Mama alilizunguka mara moja akiwa ameweka mikono nyuma.

"Hii njo raha ya bantu ya Bukavu?"

"Njo hii, Shangazi."

"Banalipia?"

"Banalipia kabisa."

Mama akatikisa kichwa. Hakusema atalala humo, hakusema hatalala. Godoro halikuweza kupita mlangoni kirahisi, kwa hiyo tukaliweka nje kwanza. Tukapanga mawe matatu, sufuria juu, beseni pembeni, dumu kando. Mara Wilondja akapigiwa simu kwamba kuna watu wanavuta wavu upande wa pili wa hifadhi. Akatuomba radhi, akasema atarudi asubuhi, hapa ni salama na kijiji kiko karibu, akaondoka na mlinzi mwenzake. Tukabaki wawili, mwanamke mzee juu ya godoro na mimi napuliza moto mbele ya hema jeupe. Nilikuwa sijui tunaonekanaje.

Unga wa Mama Mwajuma

Jua lilikuwa bado juu ya milima nilipowaona wanawake wanne wakija kwa kufuatana ufukweni, wote wamebeba vitu kichwani. Aliyetangulia alikuwa mnene, amejifunga mtandio wa bluu. Baadaye nilijua anaitwa Mama Mwajuma. Walitua mbele yetu beseni la unga wa muhogo, kuni, ndagala kavu na mkeka, wakaketi kwenye mchanga bila kuambiwa.

"Poleni," Mama Mwajuma akasema. "Poleni sana na njia."

"Asante," nikasema, nikidhani ni kwa ajili ya lile daraja.

"Munatoka ku milima?"

"Hapana, tunatoka Uvira."

Wakatazamana. "Uvira nako kumeharibika?"

Hapo nikaelewa. Mwezi uliotangulia familia kadhaa zilikuwa zimeshuka kutoka milimani zikikimbia, na kila nyumba ya kijiji kile ilichukua watu na kuwagawia chumba na sahani. Ndiyo desturi yao, hawangoji kuambiwa na mtu. Sasa wameona hema, godoro, sufuria na mwanamke mzee.

"Hapana, hapana," nikasema. "Uvira iko salama. Sisi tulikuja kutembea. Tunataka tu kulala hapa siku mbili, kwa raha."

Mama Mwajuma akaniwekea mkono begani. "Siku ya kwanza bote banasemaka vile, mutoto wangu. Ni haya. Hapa hakuna haya. Sisi pia tulilala kwa bantu."

"Kweli mama, tunatembea. Kama wale wanafunzi wa Bukavu."

"Bale banafunzi balikuya na gitare," akasema. "Nyinyi mulikuya na godoro."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Ukweli ulikuwa upande wangu lakini ushahidi wote ulikuwa upande wao. Walikuwa wameshakubaliana kwamba zamu ni ya nyumba ya Mama Mwajuma, chumba kimeshafagiliwa, na kwamba mtu hawezi kulala nje na nyumba zipo. Nilimgeukia Mama aniokoe. Alikuwa amelipokea beseni la unga kwa mikono miwili, ameinama, anashukuru.

"Mama, waambie," nikamnong'oneza.

"Nibaambie nini? Ulisha kuona muntu anarudisha unga?"

Nilikasirika, nawaambia kweli. Niliona aibu kula chakula cha watu wenye wageni halisi nyumbani, na niliona Mama ananifanya mwongo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuuliza: wewe ni wa nani, mama yako alitoka ukoo upi, kiangazi mlikuwa mnajenga wapi vibanda. Haikupita muda akashika goti la Mama Mwajuma. Bibi yake Mama Mwajuma ndiye aliyekuwa anajenga kibanda jirani na kile cha bibi yangu, ufuo huuhuu, hatua chache kutoka pale tulipokaa. Mmoja Mwislamu, mwingine wa kanisa, na wamekula chungu kimoja kila kiangazi.

"Unaona?" Mama akaniambia. "Unga yetu hii."

Tulipika pamoja. Ugali mzito, ndagala na mawese na nyanya, na pilipili ya kumtosha Mama. Tulikula kwa mikono kwenye sinia moja, na nilikula kuliko wote, pamoja na hasira yangu yote. Walipomwambia Mama twende sasa nyumbani, alikataa.

"Leo nalala hapa. Nilikuya kulala hapa."

"Ndani ya ile?" Mama Mwajuma alilionyesha hema kwa kidevu.

"Ndani ya ile."

Alisema hivyohivyo tu, kama hakuwahi kuapa. Kabla jua halijazama aliingia majini na kitenge chake mpaka kiunoni, halafu mpaka mabegani, akajilaza juu ya maji chali, nywele za mvi zimemzunguka. Sikuwahi kumwona Mama akiogelea. Alikuwa anacheka peke yake. Wale wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilikaa mchangani nikalia kidogo kwa furaha, kwa sababu nilijua nimeshinda. Mtu anayelala hivi juu ya ziwa haendi Kanada. Tukalisukuma godoro ndani ya hema kwa nguvu za watu watano. Mama Mwajuma akasema hawezi kuwaacha wageni wake, akatandika mkeka mlangoni, nasi tukalala.

Daftari la kapita

Asubuhi Wilondja alirudi akatukuta tunakunywa uji wa watu. Alipoelezwa, alicheka mpaka akaketi chini. Akawahakikishia wale wanawake kwamba kweli mimi ni binamu yake, kweli Uvira ipo, kweli tulikuja kwa hiari yetu na godoro letu. Mama Mwajuma alicheka naye, akajifunika uso kwa mtandio. Nilipoligusa beseni la unga anipe ruhusa ya kulirudisha, alilisukuma kwangu kwa mguu.

Akaja mkuu wa kijiji, ambaye wao wanamwita kapita, mzee mwembamba mwenye daftari la shule na kalamu sikioni. Wilondja akaanza kumweleza naye kwamba sisi si wakimbizi. Kapita akamnyamazisha kwa mkono.

"Kukimbia, kutembea, yote sawa. Muntu akilala hapa, anaandikwa." Akaketi juu ya jiwe la moto lililokuwa limepoa, akafungua ukurasa. "Jina?"

Mama akataja jina lake lile la ubatizo, ambalo sijalisikia likitamkwa miaka mingi.

"Munatoka wapi?"

"Uvira. Kuzaliwa, hapa."

Kapita akainua macho, akamtazama vizuri, akaandika yote mawili.

"Kiisha hapa, munaenda wapi?"

Swali lilelile la kila Jumapili, na Mama hakumuuliza kapita habari za baridi. Nilimwona anatazama maji. Nilikuwa nangoja aseme Uvira, na tayari nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia kaka kwa maneno mazuri.

"Mi naenda Kanada," Mama akasema. "Kwa mutoto wangu. Huyu anarudi Uvira."

Nilidhani anatania. "Mama?"

"Ulifikiri nilikubali kukuya juu ya nini?" Hakuwa mkali. Alinishika mkono akauweka kwenye paja lake. "Siku ile tulikimbia, sikuaga muntu hata moya. Sikuaga mama yangu, sikuaga ile maji. Hii mara nilitaka kuaga. Nimeaga."

"Na mimi?"

"We nakuyua, Riziki. Kila siku uko mbele yangu. Asukulu batoto yake sibayui hata sauti. Bako kule, bibi yabo haiko."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nitakuwa peke yangu, na kwamba nilimleta huku ili asiseme hayo. Nadhani alikuwa anajua tangu siku ya kufunga godoro. Wale wanawake walikuwa wametazama pembeni, kila mmoja amepata kazi ya kufanya na chombo chake. Wilondja alikuwa anachora mchanga kwa fimbo.

Kapita alikohoa. Alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Hapa tunaandika kwa nyumba," alisema, kwa sauti ya chini. "Sasa niandike nyumba moya ao nyumba mbili?"

Mama alinigeukia, akangoja mimi ndiye niseme, na mkono wangu hakuuachia. Nilielewa kwamba kama ningesema moja, angebaki. Angebaki Uvira, angekaa chumba cha pili, na kila Jumapili angeweka simu chini na kunyamaza.

"Mbili," nikasema.

Kapita akapiga mstari chini ya jina la Mama. Akaniuliza langu, akaliandika chini ya mstari: nyumba ya pili, mtu mmoja.